Uzito wa baiskeli ya mbio: kilo moja ina faida gani?

MTEJA anayeingia dukani kununua baiskeli ya mbio aghalabu hufanya jambo moja kabla ya kuuliza lolote. Huishika baiskeli kwa mkono mmoja, akainyanyua kutoka sakafuni, kisha akatabasamu kwa kuridhika au akairejesha chini na kuiendea nyingine. Muuzaji naye, akijua fika kinachotafutwa, huanza kutaja gramu kana kwamba anauza dhahabu.

Hakuna ubaya katika hilo. Baiskeli nyepesi huufurahisha mkono, na kuna barabara ambako huifurahisha miguu pia. Hata hivyo, kuinyanyua hakumwelezi mnunuzi ile kilo iliyopunguzwa itamfaa wapi na kwa kiasi gani, wala kama fedha alizoilipia zingemfaa zaidi lau angezitumia kwingine.

Kwa wengi humu nchini suala hili si dogo. Tofauti ya bei kati ya baiskeli ya kilo 10 na ile ya kilo 8 yaweza kuwa makumi ya maelfu ya shilingi, na kwa kijana anayetaka kuanza kushindana hiyo ni akiba ya miezi mingi. Akikosea, hatapata nyingine karibuni.

Kwanza ifahamike uzito unaozungumziwa ni upi. Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma ambayo kwa miongo mingi imebeba maziwa, mkaa na abiria wa bodaboda, ina uzito wa takriban kilo 20. Baiskeli ya Maurice Garin, Mfaransa aliyeshinda mashindano ya kwanza ya Tour de France mwaka 1903, inakadiriwa kuwa na kilo 18, yaani haikuwa mbali na Black Mamba ya leo.

Baiskeli za mbio za siku hizi ni nyepesi zaidi ya hapo. Zile za bei nafuu zenye fremu ya aluminiamu huwa kati ya kilo 9 na 11. Za chuma za miaka ya 1980, ambazo bado hupatikana kwa wauzaji wa mitumba, hukaribia kiwango hichohicho au kukizidi kidogo. Za kaboni huteremka hadi kilo 8 au 7.

Chini ya hapo kuna kikomo kilichowekwa na sheria. Tangu mwaka 2000, Muungano wa Kimataifa wa Uendeshaji Baiskeli, UCI, umekataza baiskeli yoyote yenye uzito usiofika kilo 6.8 kutumiwa katika mashindano yake. Kwa hivyo hata bingwa wa dunia haruhusiwi kupanda mlima kwa baiskeli ya kilo 6, ilhali mtu asiyeshindana anaweza kuinunua dukani iwapo mfuko wake unamruhusu.

Ili kujua kilo moja ina thamani gani, sharti mtu ajue ni nini kinachomzuia mwendeshaji asiende kasi zaidi. Vizuizi vikuu ni vitatu. Cha kwanza ni hewa, ambayo mwendeshaji huisukuma kwa kifua chake. Cha pili ni msuguano wa matairi na barabara. Cha tatu ni mvutano wa dunia, ambao humrudisha nyuma kila anapopanda na kumsaidia anapoteremka.

Katika barabara tambarare, mwendeshaji anapofikisha kasi ya kilomita 30 kwa saa na zaidi, sehemu kubwa ya nguvu zake humezwa na hewa. Hewa haijali uzito. Hujali ukubwa na umbo la kitu kinachoikabili, na kitu kikubwa zaidi kinachoikabili si baiskeli bali ni mwili wa aliyeketi juu yake.

Chukulia mwendeshaji wa kilo 65 ambaye mavazi, viatu na maji yake vina kilo 3. Akiwa na baiskeli ya kilo 8, jumla ni kilo 76. Akiwa na ile ya kilo 10, jumla ni kilo 78. Tuseme anakanyaga pedali kwa nguvu ya wati 200, kiwango ambacho mtu aliyezoea mazoezi huweza kukidumisha kwa muda mrefu.

Katika kilomita 10 za barabara tambarare isiyo na upepo, hesabu inaonyesha kwamba zile kilo 2 humgharimu sekunde 2 hivi. Sekunde 2 katika safari ya zaidi ya robo saa hazitoshi hata kufungua chupa na kunywa maji. Mtu huyohuyo akiinama na kukunja viwiko hadi kizuizi cha hewa kikapungua kwa asilimia 10, ataokoa takriban nusu dakika katika umbali huohuo, na kuinama hakuna bei.

Historia ya rekodi ya saa moja inaeleza jambo hili vizuri. Rekodi hiyo hutolewa kwa anayesafiri umbali mrefu zaidi kwa saa moja akizunguka peke yake uwanjani, mahali pasipo na kilima. Mwaka 1972 Mbelgiji Eddy Merckx aliiwania mjini Mexico City kwa baiskeli iliyotengenezwa na fundi Mwitalia, Ernesto Colnago. Kila sehemu ilikwanguliwa ili kupunguza gramu. Hata mnyororo wake ulitobolewa matundu. Baiskeli hiyo ilikuwa na uzito usiofika kilo 6, na Merckx akasafiri kilomita 49.431.

Miaka 12 baadaye, Januari 1984, Mwitalia Francesco Moser alikwenda katika mji huohuo na falsafa tofauti. Magurudumu yake hayakuwa na spoki bali yalikuwa sahani kamili, ambazo ni nzito kuliko magurudumu ya kawaida lakini huipasua hewa kwa urahisi. Moser, ambaye hakuna aliyemhesabu kuwa na miguu iliyoizidi ya Merckx, alifikisha kilomita 51.151. Tangu hapo hakuna mtu makini aliyerejea katika kutoboa minyororo kwa ajili ya rekodi hiyo. Filippo Ganna, aliyefikisha kilomita 56.792 nchini Uswisi mwaka 2022, alitumia baiskeli iliyochongwa kwa ajili ya hewa kwanza.

Barabara inapoanza kupanda, mambo hugeuka. Kasi hupungua, hewa hulegea, na mvutano wa dunia hushika usukani. Hapo kila kilo huhesabiwa.

Mwendeshaji yuleyule wa kilo 65, mwenye wati zilezile 200, akipanda kilomita 10 zenye mwinuko wa asilimia 6, yaani mita 6 za kwenda juu kwa kila mita 100 za barabara, atatumia takriban dakika 42 na sekunde 37 kwa baiskeli ya kilo 8. Kwa ile ya kilo 10 atatumia dakika 43 na sekunde 34. Tofauti ni sekunde 57. Kwa maneno mengine, kila kilo moja humgharimu chini ya nusu dakika kidogo katika mpando wa dakika 40 na ushei.

Mwinuko wa namna hiyo si jambo la kubuniwa humu nchini. Barabara inayotoka Bonde la Kerio hadi Iten, mji ulio takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, humpandisha mtu kwa zaidi ya mita 1,000. Anayeishi Eldoret au Kikuyu hukutana na vilima kila anapotoka nyumbani. Anayeishi Mombasa au Malindi huenda akamaliza wiki nzima bila kuona kilima kinachostahili jina hilo, na kwake baiskeli ya kilo 8 ni fahari zaidi kuliko manufaa.

Je, nusu dakika ni kitu au si kitu? Jibu linategemea anayeulizwa.

Mwaka 2013 Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza mchezo huu Kikuyu chini ya David Kinjah na kuiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006, alishinda mkondo wa Tour de France uliomalizikia kileleni mwa Mont Ventoux. Alimtangulia Nairo Quintana wa Colombia kwa sekunde 29. Mlima huo ni wa zaidi ya kilomita 20, na mabingwa huupanda kwa muda unaokaribia saa nzima. Lau baiskeli ya Froome ingekuwa nzito kwa kilo moja zaidi, ingempotezea takriban nusu dakika, na sekunde hizo 29 zingeyeyuka zote.

Kwa watu wa kiwango hicho, kilo moja ni ushindi au kushindwa. Ndiyo sababu timu kubwa huajiri mafundi wa kupima kila skrubu.

Hata hivyo, upo upande wa pili, nao pia unamhusu Mkenya. Mwaka 2008 Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, wasiokuwa na jina lolote katika mashindano ya Ulaya, walipelekwa Ufaransa kujaribu Alpe d'Huez, mlima wenye kona 21 na urefu wa takriban kilomita 13.8. Nderi aliupanda kwa dakika 42 hivi, muda uliowashangaza wengi kwa mtu asiyewahi kuuona mlima huo. Mwitalia Marco Pantani, ambaye sifa zake zimetiwa doa na tuhuma za dawa za kusisimua misuli, aliwahi kuupanda chini ya dakika 38 katika miaka ya 1990.

Pengo kati ya wawili hao ni zaidi ya dakika 4. Ukilipima kwa kanuni ya nusu dakika kwa kila kilo, Nderi angehitaji kupunguza kilo 8 au 9 kutoka kwa baiskeli yake. Angebaki anapanda akiwa ameketi hewani. Pengo la namna hiyo huzibwa na miaka ya mazoezi, lishe, kocha na mashindano, na kwa hayo fedha ya kijana wa Eldoret hutumika vyema zaidi kuliko kwa usukani wa kaboni.

Siri ya hesabu hizi zote ni kwamba mlima haupimi baiskeli peke yake. Hupima jumla: mtu, baiskeli, nguo, viatu, maji na simu iliyo mfukoni. Kilo moja kati ya 10 za baiskeli ni sehemu ya kumi, na ndiyo maana mkono huihisi dukani. Kilo moja kati ya 76 ni zaidi kidogo ya asilimia moja, na hicho ndicho miguu inachokutana nacho barabarani.

Kutokana na ukweli huu wapo wanaosema kwamba dawa ni kupunguza uzito wa mwili, kwani huko hakuna malipo. Kwa mtu mwenye kitambi wanasema kweli. Kwa kijana ambaye tayari ni mkavu, ushauri huo ni hatari: mwili unaonyimwa chakula hupoteza misuli na nguvu, hushikwa na maradhi upesi, na mifupa yake hudhoofika. Wako waendeshaji wengi walioharibu maisha yao ya michezo kwa kuifukuza mizani. Froome mwenyewe, alipopimwa katika maabara jijini London mwaka 2015, alikuwa na kilo 69.9 na uwezo wa kudumisha wati 419. Uzito huo una maana kwa sababu ya wati hizo zilizo upande wa pili.

Vilevile maji hayastahili kuachwa nyumbani. Chupa ya mililita 750 ina uzito wa robo tatu za kilo, na bado anayepanda kutoka Kerio saa saba mchana bila maji atapoteza dakika nyingi, si sekunde.

Magurudumu nayo yana ngano yake. Wauzaji hupenda kusema kwamba gramu moja katika gurudumu ni sawa na gramu mbili katika fremu. Usemi huo una ukweli nusu. Kitu kinachozunguka kwenye ukingo wa gurudumu, yaani rimu, tyubu na tairi, hudai nguvu maradufu wakati wa kuongeza kasi, kwa sababu lazima kisukumwe mbele na pia kizungushwe. Lakini mwendo ukishatulia, hata mlimani, gramu hiyo ni gramu moja tu kama nyingine yoyote.

Rimu na matairi yaliyo mepesi kwa gramu 200 humpunguzia mwendeshaji asilimia nusu hivi ya nguvu anazohitaji kuongeza kasi. Anayeshiriki mbio za mizunguko mjini, zenye kona kali na kuchomoka kila dakika, atalihisi jambo hilo. Anayekwenda Naivasha na marafiki Jumapili hatalihisi, ijapokuwa huenda akaapa kwamba amelihisi.

Kuhusu fremu, mengi yanayosemwa mitaani kuhusu chuma, aluminiamu na kaboni yanahitaji kuchujwa. Aluminiamu ina takriban thuluthi moja ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule, lakini pia ugumu wake ni thuluthi moja. Ndiyo sababu mabomba ya fremu ya aluminiamu ni manene: fundi huyapanua ili yasipinde. Kaboni ni nyuzi zilizounganishwa kwa gundi, na ubora wake mkubwa ni kwamba mtengenezaji huzilaza nyuzi hizo upande ule tu unaohitaji nguvu. Titani ni nzuri, haishiki kutu, na bei yake huwafukuza wengi kabla ya kuiuliza maswali.

Jambo ambalo halitajwi sana ni nini hutokea fremu inapovunjika. Chuma kikipasuka, fundi mwenye mtambo wa kuchomelea katika eneo lolote la jua kali anaweza kukishika, na baiskeli ikarudi barabarani jioni hiyohiyo. Aluminiamu huhitaji mtaalamu, na hata baada ya kuchomelewa huwa imepoteza sehemu ya nguvu yake pale ilipopata moto. Kaboni hutengenezwa na wachache mno.

Kaboni ya mitumba ndiyo inayotaka tahadhari kubwa. Baiskeli iliyoanguka Ulaya yaweza kufika Nairobi ikiwa imepakwa rangi upya na kung'aa, huku ndani ya uma wa mbele kukiwa na ufa usioonekana. Chuma hupinda kabla ya kuvunjika na hivyo hutoa ishara. Kaboni huweza kuachana ghafla, na uma ukiachana mtu akiwa anateremka kwa kilomita 60 kwa saa, hakuna kinachomngoja isipokuwa lami.

Mnunuzi asiyeijua historia ya fremu ya kaboni, na asiyekuwa na mtu wa kumkagulia, ni afadhali abebe kilo moja na nusu zaidi ya aluminiamu au chuma. Hapo mnunuzi hana haja ya kupima mara mbili.

Sehemu nyingine zilizopunguzwa uzito nazo huja na masharti. Magurudumu yenye spoki chache huwekewa kikomo cha uzito wa mwendeshaji, na vikomo hivyo vilikusudiwa barabara zisizo na mashimo. Anayepita kila siku katika barabara iliyomeguka kingo atafaidika zaidi na spoki 28 au 32 kwa kila gurudumu. Spoki moja ikikatika kati ya nyingi, hufika nyumbani.

Kuna mambo mawili ambayo hupita kilo kwa mbali na ambayo wanunuzi wengi huyasahau.

La kwanza ni matairi. Tairi gumu la bei ya chini na tairi zuri laini huweza kutofautiana kiasi kwamba, kwa mwendeshaji wetu wa kilo 76 kwa jumla, kubadilisha matairi mawili humpunguzia mzigo sawa na kuondoa kilo 3 katika mwinuko wa asilimia 5. Na faida hiyo huandamana naye hata katika tambarare, ambako kupunguza uzito hakumsaidii. Matairi mapana kidogo, ya milimita 28 badala ya 23, huongeza gramu kadhaa lakini hustahimili mashimo na kokoto, na hayahitaji kujazwa upepo hadi yawe kama jiwe. Kabla ya kulipa, mnunuzi aangalie kama fremu ina nafasi ya kuyapokea.

La pili ni gia. Baiskeli nyingi za zamani zilizotumika Ulaya zina gia za mbele zenye meno 53 na 39, na nyuma gia kubwa kabisa ya meno 23. Zilitengenezewa watu wenye nguvu za kushindana. Mwendeshaji wa wati 200 akikutana nazo katika mwinuko wa asilimia 8, atakuwa akikanyaga mizunguko 52 tu kwa dakika, kazi ya kuponda magoti. Akiwekewa meno 34 mbele na 30 nyuma, atafikisha mizunguko 78 kwa kasi ileile. Kupunguza kilo 2 kutoka kwa baiskeli yake kungempa mzunguko mmoja hivi wa ziada.

Ukubwa wa fremu hauhitaji maelezo marefu. Fremu isiyomtosha mtu humtesa mgongo, mikono na magoti, na maumivu yakianza kilomita ya 40 hakuna wepesi utakaomfikisha ya 80. Baiskeli nyepesi iliyo ndefu kupita kimo cha mwenyewe ni hasara hata ikiuzwa nusu bei.

Timu za kulipwa zenyewe zimekubali kubeba gramu pale zinapoona faida nyingine. UCI iliporuhusu rasmi breki za diski katika mashindano ya barabarani mwaka 2018, breki hizo ziliongeza mamia kadhaa ya gramu, lakini leo zimetapakaa kila mahali kwa sababu husimamisha baiskeli vyema, hasa mvua inaponyesha. Fremu zilizochongwa kwa ajili ya hewa nazo ni nzito kuliko za milimani. Kwa hivyo si ajabu kukuta mabingwa wakishindana kwa baiskeli zenye kilo 7 na ushei, ingawa sheria ingewaruhusu kushuka hadi 6.8.

Pamoja na hayo yote, wapo ambao uzito huwahusu kwa dhati na hawapaswi kuchekwa wanapoinyanyua baiskeli dukani. Wa kwanza ni mwenye mwili mdogo. Kwa mwanamke au kijana wa kilo 45, baiskeli ya kilo 11 ni karibu robo ya uzito wake, ilhali kwa mwanamume wa kilo 90 ni kasoro ya sehemu ya nane. Kilo 2 zinazopunguzwa kwa mtoto anayeanza kushindana zina maana kuliko kilo 2 za baba yake, ijapokuwa katika familia nyingi baiskeli nyepesi huwa ya baba.

Wa pili ni mshindani ambaye tayari ana mwili, mazoezi na matairi mazuri. Katika mbio, asilimia moja haipotei polepole kama inavyoonekana katika hesabu. Kundi linapopanda kilima kwa kasi iliyo ukingoni mwa uwezo wake, ama anashikilia gurudumu la mbele yake au analiachia. Akiliachia, hupoteza kinga ya upepo, na zile sekunde 30 za mlimani hugeuka dakika 5 katika tambarare inayofuata. Mtu wa aina hii anaponunua kilo moja kwa bei ghali anajua anachonunua.

Wa tatu ni mpangaji wa ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Huyu hupandisha baiskeli begani kila jioni, na hakuna fizikia inayoweza kumpinga.

Kwa yeyote kati yao, jambo la mwisho ni kuhakikisha kwamba kilo anazouziwa ndizo kilo alizopewa. Uzito unaotangazwa na watengenezaji aghalabu ni wa fremu ya saizi ndogo, bila pedali, bila vishikio vya chupa, na mara nyingine bila rangi. Pedali peke yake huongeza takriban gramu 300. Wengine hutangaza uzito wa fremu tupu kwa herufi kubwa na kunyamaza kuhusu magurudumu, ambako ndiko uzito wa baiskeli za bei nafuu hujificha.

Njia ya kupima ni rahisi. Mizani ya kuning'iniza, kama ile inayotumiwa na wauza nyama, inatosha: baiskeli hutundikwa kwa kiti na kusomwa. Asiyekuwa nayo atumie mizani ya kupimia watu. Ajipime peke yake, kisha ajipime akiwa amebeba baiskeli, na atoe kiasi cha kwanza katika cha pili. Afanye hivyo pedali zikiwa zimefungwa, na kwa saizi ileile atakayoondoka nayo.